Mbegu Haimrudishi Mama

Mara ya kwanza kumwona mama mmoja mkulima wa maua akiifanya kazi hii nilitamani kumzuia. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti, katika shamba lake dogo huko Pennsylvania, Marekani, naye alikuwa akipita tuta kwa tuta akivunja matumba ya krisanthemu zake mwenyewe. Kila shina lilikuwa na tumba moja kileleni na mengine madogo yamelizunguka kama vifaranga. Mama huyo alilishika shina kwa mkono wa kushoto, akaegemeza kidole gumba cha kulia ubavuni mwa kitumba kilichokuwa na ukubwa wa choroko, akakisukuma pembeni. Kikadondoka. Akahamia kingine. Hatumii kisu wala mkasi, kwani kidole huhisi kabla hakijaumiza. Tumba la juu likijeruhiwa, shina hilo halina tena ua kubwa mwaka huo. Likisalimika, chakula chote cha shina huliendea lenyewe, na kufika Oktoba ua hilo hujaza viganja viwili.

Krisanthemu ni jamaa wa karibu wa pareto, ile ya Molo na Mufindi, ila krisanthemu yenyewe Wachina wameilima kwa uzuri wake zaidi ya miaka 1,500. Ni ua linalopima giza. Usiku ukianza kurefuka ndipo linapofunga matumba, jambo ambalo wanasayansi Garner na Allard walilieleza kuhusu mimea mwaka 1920. Ndiyo maana mashamba ya Uganda yanayozalisha vipandikizi vya krisanthemu vya kuuza nje huwasha taa usiku: usiku wa ikweta, wa saa kumi na mbili, ungeifanya mimea ichanue kabla ya wakati. Mama huyu hana taa. Anausubiri usiku wa Agosti, kisha sakitu ya kwanza inapoua maua ya jirani zake, yeye huvuta nailoni juu ya matuta yake na kuendelea kusubiri.

Aina anazopanda ni za zamani. Moja inaitwa Heather James, yenye rangi ya shaba iliyosuguliwa. Aina kama hizi zilitoweka madukani kwa sababu kichwa kikubwa hakivumilii boksi na safari ndefu. Petali zikibanwa tu, hugeuka kuwa za kahawia. Kwa hiyo yeye hukata ua likiwa karibu limefunguka lote, hupukutisha majani ya chini yasije yakaozesha maji, na hulivisha kichwa wavu laini kabla ya kulipeleka mjini. Ndani ya chombo hukaa wiki mbili, mara nyingi zaidi.

Lakini sifa yangu kubwa naipeleka kwenye kazi isiyoonekana. Krisanthemu ya namna hii huwezi kuihifadhi kwa mbegu. Mbegu huzaa mtoto, pengine mzuri, lakini haimrudishi mama. Jina hudumu kwa vipandikizi: kila majira ya kuchipua yeye huchuma machipukizi yenye urefu wa kidole kutoka kwenye kisiki cha mwaka uliopita, akayachomeka kwenye mchanga wenye unyevu. Heather James iliyo mbele yake ni mmea uleule wa mwanzo, uliopita mikononi mwa watu bila kukatika. Baridi kali ya mwaka mmoja, au panya bandani, na aina imekwisha, isipokuwa kama mkulima mwenzake amebaki nayo. Kwa hiyo hugawiana, na wengine humrudishia alichowahi kuwapa.

Novemba nilirudi kumsaidia. Alikata mashina yakabaki urefu wa kiganja, akang'oa visiki, akakung'uta udongo na kuvipanga kwenye kreti. Mimi akanipa vibao niandike majina, kwa penseli, maana wino hufutika. Mara mbili alinirudishia kibao kimoja kwa sababu herufi zilibanana. Kikishakatwa, kisiki hakina ua la kukitambulisha, na vyote vilivyokuwa kwenye kreti vilifanana.