Kumjua Fundi wa Antena Usambara

Fundi wa redio za magari huku Usambara huanza kupimwa kabla hajashika bisibisi. Akikuuliza, "Ilikatika ulipofika wapi, kaka, na ulikuwa unasikiliza stesheni gani?" kaa utulie, umefika kwa mwenyewe. Akikutajia bei ya antena mpya na redio hata hajaiwasha, mshukuru uondoke. Mahali pa tambarare swali lile lingekuwa mazungumzo tu. Kwa mtu aliyepanda kutoka Mombo, ndilo nusu ya kazi.

Mawimbi ya FM hupita kati ya 87.5 na 108 MHz, na wimbi moja lina urefu wa karibu mita 3. Hayana tabia ya kupinda kufuata mlima. Yakikutana na mwamba hukwama, au huugonga na kurudi. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, inaanza chini kwenye joto na kukufikisha karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hadi Soni inakwenda ndani ya korongo. Kila kona inabadilisha mlima uliosimama kati yako na mnara. Kuna mahali stesheni inazama kabisa. Kuna mahali inakatakata tu, kwa kuwa wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililogonga ukuta wa mlima yamefika pamoja na kufutana.

Hilo la kufutana lina kipimo chake, na ni kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakigharimu kitu. Tafuta eneo pana la kusimama kwa usalama, sauti ikiwa imeharibika, kisha lisogeze gari taratibu, nusu mita, mita moja. Robo ya wimbi ni sentimita 75 hivi, kwa hiyo hatua hiyo fupi inatosha kubadilisha hali. Sauti ikirudi safi, kosa ni la mlima na hakuna fundi wa kuurekebisha. Baada ya hapo nenda Irente, pale ukingo unapoangalia tambarare ya Mazinde bila kizuizi. Redio inayokwaruza hata Irente ina ugonjwa wa gari.

Wazee husema redio za zamani zilikuwa na nguvu zaidi. Wanachokumbuka ni kweli, ila sababu ni nyingine: enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) walisikiliza mawimbi ya kati na mawimbi mafupi. Ya kati hutambaa na ardhi, na usiku yote mawili hurudishwa chini kutoka tabaka za juu za anga, hivyo milima hii haikuwazuia sana.

Sasa tuje kwenye jambo linalowapotezea watu fedha nyingi. Noah, Probox na Hiace nyingi zinazopanda huku zilitumika kwanza Japani, na kule FM huanzia 76 MHz na kuishia 90, au 95 kwa redio za karibuni. Redio iliyokuja na gari inasikia kipande kidogo tu cha chini cha masafa yetu. Ndiyo maana huwekwa ekspanda, kijisanduku kinachokaa kati ya plagi ya antena na redio, ambacho hushusha masafa kwa kiasi maalumu. Zipo za 12, zipo za 20, na nyinginezo. Stesheni ya 98.0 ikipitia ekspanda ya 12 utaiona kwenye redio ikiwa 86.0, ikipitia ya 20 utaiona 78.0.

Fanya hesabu na utaona tatizo linapojificha. Redio inayoishia 90 ikifungwa ekspanda ya 12 haiwezi kupita 102. Ikifungwa ya 20 inaanzia 96, na zilizo chini yake zinapotea. Mwenye gari anaona stesheni chache, analaumu antena, ananunua nyingine, hali inabaki vilevile. Kabla ya kwenda kwa fundi, andika masafa halisi ya stesheni unazozikosa. Zikiwa zote upande mmoja wa mpaka huo wa ekspanda, huenda antena yako ni nzima. Na stesheni mbili zikisikika mahali pamoja, huenda yenye nguvu iliyo kati ya 87.5 na 90 inapenya bila kushushwa na kuikalia nyingine. Stesheni inayohama kidogo kidogo gari likishapata moto ni dalili ya ekspanda hafifu. Fundi anayejua haya atakuuliza ekspanda yako ni ya ngapi. Asiyejua hataigusa kamwe.

Ikidhaniwa kwamba antena ndiyo mgonjwa, angalia fundi anavyoichunguza. Kwanza aichomoe plagi nyuma ya redio na kuchomeka waya mtupu wa sentimita 75 kwenye tundu la katikati. Redio ikishika vizuri zaidi kwa waya huo kuliko kwa antena, redio haina kosa. Kisha mita. Kwa antena ya kawaida ya chuma, kutoka ncha ya antena hadi pini ya katikati ya plagi lazima pawe na mawasiliano. Kutoka pini hadi ganda la plagi pasiwe na chochote. Kutoka ganda hadi bodi la gari pawe na mawasiliano tena. Vipimo hivi vitatu havichukui muda, na vinasema karibu kila kitu. Kipimo cha pili kikionesha mawasiliano, mara nyingi maji yameingia kwenye mzizi wa antena. Cha tatu kikikataa, kutu imekula ethi. Ukungu wa msitu wa Magamba na mvua za masika huyafanya hayo mawili kuwa maradhi ya kudumu ya magari ya huku, na matawi yanayogonga antena kwenye njia nyembamba huyafungulia mlango.

Antena iliyochapwa kwenye kioo cha nyuma ni habari nyingine. Hiyo huwa na kikuza mawimbi kinachotaka umeme kutoka kwenye redio. Redio ikibadilishwa, waya wa bluu unaopeleka umeme huo usipounganishwa, kikuza kinakufa na kioo kinabaki pambo. Tinti yenye chembe za chuma huzuia mawimbi, na anayeikwangua tinti kwa wembe hukata nyuzi za antena pamoja nayo. Lile pezi la papa la kubandika juu ya paa kwa gundi, lisilo na waya ndani, ni plastiki tu.

Kelele inayopanda na kushuka na mwendo wa injini inatoka kwenye altaneta au ethi mbovu. Mikwaruzo ya haraka inayofuata mzunguko wa injini inatoka kwenye plagi za injini na koili. Mvumo usiobadilika hata injini ikizimwa, anza na chaja ya simu na taa za LED. Zichomoe.

Ukaguzi wa kazi iliyomalizika ufanye kabla dashibodi haijafungwa. Kiungo cha kebo kiwe kimelehemiwa kwa risasi, wavu wa nje ukiwa umeunganishwa kuzunguka waya wa katikati. Nyaya zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu zitakurudisha kwake mvua za vuli. Umeme wa ekspanda upitie swichi na fyuzi. Chini ya mzizi wa antena rangi iwe imekwanguliwa hadi chuma safi, ikapakwa grisi, na mpira wa kuzuia maji uwe mzima.

Kisha gari lijaribiwe kama linavyofanya kazi kila siku. Ukibeba matenga ya nyanya na karoti juu ya keria, keria iwepo, maana chuma chake kikiwa karibu na antena ya paani hubadilisha mapokezi. Washa injini, taa na waipa, sikiliza stesheni ileile mahali palepale uliposikiliza mwanzo, halafu stesheni dhaifu kuliko zote unazozihitaji. Yenye nguvu inasikika hata kwa antena iliyovunjika, kwa hiyo usikubali kuchezewa hiyo peke yake. Usiku ukifika, weka mawimbi ya kati: kebo iliyokatika ndani huwa bubu kabisa huko, hata kama FM ilikudanganya mchana.