Kumngojea Bwana kwa Utakatifu: Uhakiki wa Mahubiri Yetu

Mwanafunzi mmoja hapa Bugene alituuliza: Ikiwa Bwana yu karibu, kuna faida gani kupanda mibuni itakayozaa baada ya miaka mitatu? Swali hili si la mzaha. Linayapima mahubiri yetu juu ya marejeo ya Kristo, nasi tunaona ndani yake kasoro mbili.

Ya kwanza ni ya mhubiri ahesabuye ishara na kuwatisha watu. Tunda lake tumeliona. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilifundisha kwamba ulimwengu ungekoma mwishoni mwa mwaka 1999. Waumini waliuza mali zao. Na tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea kwa moto katika jengo lao la ibada. Huko Shakahola, Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, baada ya habari kwamba watu walihimizwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu.

Ya pili ni yetu sisi Walutheri. Kwa kuogopa kosa hilo tumenyamaza. Marejeo ya Bwana tunayakiri katika Imani ya Mitume, kisha tunayaacha papo hapo. Lakini kundi lisilofundishwa na mchungaji wake hufundishwa na mwingine.

Paulo hakunyamaza wala hakutisha. Katika 1 Wathesalonike 4 anaanza na utakatifu wa mwili, anaendelea na maisha ya utulivu na kazi ya mikono, ndipo anapofika kwenye kuja kwa Bwana. Kazi na tumaini vimo katika sura moja. Aidha, 2 Wathesalonike 3 yamkemea asiyetaka kufanya kazi, si aliyeikosa. Mhubiri anayewasuta kwa maneno hayo vijana wasio na ajira anayapotosha.

Wengi wetu tungemjibu mwanafunzi yule kwa msemo maarufu wa Luther kuhusu kupanda mti hata kama dunia itakwisha kesho. Msemo huo haupatikani katika maandiko yake. Ushahidi wa kwanza unaojulikana ni wa mwaka 1944. Tusiuegemee. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 yatosha: Roho Mtakatifu ndiye atutakasaye. Basi utakatifu si nauli ya kuingilia ufalme. Anayedhani ni nauli atalikimbia shamba ili akutwe akisali. Aliyehesabiwa haki kwa imani yu huru kukutwa shambani, akimtumikia jirani yake.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: Apande. Asimpunje mchumaji ujira wake, asidanganye kwenye mizani, asiiache sala. Bwana akija kabla ya mavuno, hakuna kitakachokuwa kimepotea. Akikawia, watoto watasomeshwa kwa mibuni hiyo.

Nasi wachungaji tusingoje Kanungu nyingine ndipo tufungue vinywa.