Ukungu wa Brodovitch: Shata Inapofuata Mchezo

Mwaka 1945 mchapishaji J. J. Augustin wa New York alitoa kitabu cha picha kiitwacho Ballet, nakala zipatazo 500 tu. Picha zenyewe, 104, zilikuwa za Alexey Brodovitch, Mrusi aliyehamia Marekani na kusimamia sanaa ya kurasa katika jarida la Harper's Bazaar. Alizipiga kati ya 1935 na 1937, makundi ya baleti ya Kirusi yalipokuwa yakicheza New York, kwa kamera ndogo aina ya Contax na bila flashi. Mwalimu wa kamera aliyezoea picha za studio angezirudisha zote: nyuso hazitambuliki, mikono imegeuka moshi, taa za jukwaani zimeingia moja kwa moja kwenye lenzi. Mara nyingi husemwa kwamba Brodovitch alibahatika, yaani vifaa vilimwangusha na sanaa ikamwokoa. Ukizichambua hesabu na kazi aliyoifanya baada ya kupiga, maelezo hayo hayasimami. Ukungu ule aliuchagua, na namna alivyouchagua bado ina faida kwa yeyote anayepiga picha za ngoma gizani.

Tuanze na mwanga. Leo, katika ukumbi wenye taa za kuridhisha, mpiga picha huweka ISO 3200, akafungua lenzi hadi f/2.8, akapata shata ya 1/250 ya sekunde. Filamu za miaka ya 1930 zilikuwa na wepesi mdogo mno. Tuziweke kwenye ISO 50. Kutoka 3200 hadi 50 umepoteza hatua sita za mwanga, na kila hatua ni nusu ya iliyotangulia. Lenzi ikifunguliwa hadi f/2 unarudishiwa hatua moja. Tano zilizobaki lazima zilipwe na shata, nayo inashuka hadi takriban 1/8. Mkono unaopita mbele ya kamera kwa kasi ya mita tatu kwa sekunde husogea sentimita moja na ushei ndani ya 1/250. Ndani ya 1/8 husogea sentimita 37. Kwa hiyo ukungu haukuepukika, na hapo wanaosema alilazimishwa wana haki yao. Lakini kulazimishwa kupata ukungu si sawa na kulazimishwa kuupata mahali fulani.

Mahali ndiyo siri ya kazi yote. Katika picha zake zinazosimama imara, kuna kitu ambacho hakikusogea: mguu uliobeba uzito, kiwiliwili, kipande cha pazia, safu ya wachezaji wanaosubiri zamu. Jicho hupata pa kushika, ndipo linapoweza kuusoma ukungu kama mwendo badala ya kuuona kama uchafu. Tazama mruko. Mchezaji akiruka juu sentimita 30, mwanzoni mwili unapanda kwa kasi ya karibu mita 2.4 kwa sekunde, na shata ya 1/8 ikifunguka anapoacha sakafu itameza zaidi ya sentimita 20 za mwili wake. Shata hiyohiyo ikifunguka kileleni, nusu kabla na nusu baada ya kufika juu, mwili unashuka au kupanda sentimita mbili tu. Hii ndiyo sababu adumu ya Wamaasai, ambamo mchezaji hupaa wima na kutua palepale, huvumilia shata nzito kuliko watu wanavyodhani: kiwiliwili kinatulia hewani huku shanga na nywele zikiandika mwendo. Mruko wa baleti unaokata jukwaa ni mgumu zaidi, kwa kuwa kilele hakisimamishi safari ya kwenda mbele. Hapo kamera lazima imfuate mchezaji, na nyuma yake ndiyo ipate michirizi. Ngoma ya sindimba nayo ina hesabu yake, maana kazi kubwa iko kiunoni. Anayepiga kwa 1/500 atatoka na mtu aliyesimama ameinama kidogo, picha safi isiyo na sindimba ndani yake.

Sasa pingamizi lenye uzito: angekuwa na kamera ya leo, si angegandisha kila kitu? Jibu liko kwenye chumba cha giza. Mtu anayeonea haya kasoro huzificha anapochapa picha: huchapa ndogo, hupunguza ukali wa weusi na weupe, hutupa zilizoharibika. Brodovitch alifanya kinyume. Alikata vipande vidogo vya negativu ambayo tayari ilikuwa ndogo, akavikuza hadi chembechembe zikajitokeza, akapausha sehemu kwa dawa ili mwanga ufurike, akaongeza ukali. Kisha kwenye kurasa aliondoa pambizo kabisa, picha zikafika ukingoni na kugusana na jirani zake, hivi kwamba gauni jeupe la baleti ya Les Sylphides linaonekana kumwagika kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Flashi za balbu zilikuwepo madukani, na studio zilikuwepo. Mtu mwenye cheo chake katika jarida kubwa la mitindo hakukosa njia ya kupata picha kali. Alizikataa.

Wapo watakaomtaja mpiga picha Barbara Morgan, na kwa haki. Kitabu chake cha 1941 kuhusu mchezaji dansi Martha Graham kina picha kali zenye nguvu ya ajabu. Ile ya teke kutoka Letter to the World, ya 1940, sijui kama kuna picha ya dansi inayoipita. Ila Morgan hakupiga onyesho. Alimweka Graham mbele ya taa alizozipanga mwenyewe, akachagua tendo, likarudiwa. Huo ni ushirikiano wa wasanii wawili, na watazamaji hawamo. Anayeketi ukumbini hawezi kumwomba mchezaji arudie, wala hana ruhusa ya kusogeza taa. Akijaribu kupata ukali wa Morgan kwa kupandisha ISO peke yake, atapata mkao bila ile taa iliyoujenga mkao. Na meneja wa kikundi anayetaka nyuso kwa ajili ya bango asilaumiwe. Hoja yake ni ya kweli, na dawa yake ni kupiga mazoezi ya mwisho kwa mavazi kamili, siku ambayo mtu anaweza kusogea karibu na hata kuomba taa iongezwe. Usiku wa onyesho ubaki na kazi yake.

Kazi hiyo leo ina mitego ambayo Brodovitch hakuijua. Kamera ikipima jukwaa jeusi huona giza tupu, ikaongeza mwanga hadi uso ukaungua, kwa hiyo ni heri kupima usoni na kufunga kipimo hapo. Taa za bluu hujaza rangi moja hadi vivuli vya ngozi nyeusi vikapotea. Afadhali kupunguza mwanga kidogo na kuhifadhi faili ghafi. Kisha kuna taa za LED, ambazo nyingi huwaka na kuzima kwa kasi isiyoonekana kwa macho. Shata ya 1/1000 hunasa kuwaka huko vipandevipande, na picha inatoka na milia mlalo, hasa kwa shata ya kielektroniki. Ishushe hadi 1/30 au chini yake, milia hupungua au huisha, kwa sababu kila sehemu ya picha imekusanya mizunguko mingi ya taa. Kwenye jukwaa la namna hiyo, anayekimbilia shata kali kila mara hulipa mara mbili: anapoteza mwendo, na mwanga wenyewe unamharibikia.