Vali ya EGR na Masizi Yake

Katika viungo vyote vya injini ya dizeli, hakuna kinacholaumiwa kwa wingi na kufahamika kwa uchache kama vali ya EGR, ambayo kazi yake ni kuchukua sehemu ya moshi uliokwisha kutoka silindani na kuurudisha uingie tena pamoja na hewa mpya. Mwenye gari akielezwa hayo hustaajabu, na ana haki ya kustaajabu: kwa nini injini inyweshwe uchafu wake yenyewe?

Jawabu liko katika joto. Hewa tuivutayo ni naitrojeni kwa zaidi ya robo tatu, na gesi hiyo, ambayo kwa desturi ni pole na haishikani na kitu, huungana na oksijeni pindi joto la mwako linapopanda mno, zikazaliwa oksidi za naitrojeni. Ndizo alizobainisha mwanakemia Arie Haagen-Smit huko California, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwamba zikikutana na mvuke wa petroli chini ya jua hufanya ule ukungu mkali uliokuwa ukiwatoa machozi watu wa Los Angeles. Moshi uliokwisha kuungua una oksijeni haba, tena hufyonza joto. Ukiingizwa kwa kadiri, mwako hupoa na oksidi hizo hupungua. Vali hizi zikaenea Marekani katika miaka ya 1970, sheria za hewa zilipokazwa, na siku hizi dizeli yenye mzigo mwepesi huweza kurudishiwa moshi hata kukaribia nusu ya kile inachovuta.

Hayo ya mzigo mwepesi yashikwe sana, maana ndiyo asili ya adha yote. Vali hufunguka injini ikiwa haina kazi nzito, na hujifunga dereva akanyagapo mafuta kwa nguvu. Kwa hiyo gari la ofisi linaloshinda katika foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, huziba upesi kuliko gari lipandalo milima ya Lushoto na kushuka na magunia ya viazi, ingawa hili la pili ndilo watu hulihurumia. Aidha, masizi makavu peke yake yasingalidhuru sana, illa katika njia ya hewa hukutana na mvuke wa oili upandao kutoka tumbo la injini, vikachanganyika, vikaganda kama lami.

Kazi ninayoichambua ilifanywa Tanga, juu ya Toyota Hilux yenye injini ya 1KD, ya lita 3, ambayo mwenyewe alilalamika kuwa haivuti, hutoa moshi mweusi ikiondoka, na hutetemeka ikiwa imesimama. Mashine ya kupimia ilitoa namba P0402, maana yake moshi unaorudi umezidi kiasi. Fundi wa pupa angalishika spana papo hapo. Huyu wa Tanga, kwa hikima ambayo naisifu kuliko usafishaji wenyewe, aliichukua namba ile kama ushahidi tu, si hukumu, maadam filta iliyoziba au mpira wa turbo uliopasuka huweza kuleta moshi mweusi uo huo. Alipoona hivyo viwili ni vizima, aliuchomoa mpira mwembamba unaopeleka ombwe juu ya vali, kwani vali ya aina hii hufunguka kwa kuvutwa na ombwe na hujifunga kwa springi yake. Lau moshi ungalipungua, dosari ingalikuwa kwa kinachoiamuru vali ifunguke. Haukupungua, ikawa dhahiri kwamba vali yenyewe imekwama wazi.

Kuifungua hakukuwa na siri kubwa. Nyaya za betri zilitolewa, injini ikaachwa ipoe, kipozaji cha hewa kilicholala juu kikaondolewa, na nati za bomba la moshi, ambazo joto na kutu huzifanya ziwe nyepesi kukatika, zikawa zimemwagiwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Lililotokea ndani ni tundu ambalo lingepaswa kupitisha vidole viwili, sasa halipitishi hata kidole kidogo, na shina la vali limezungukwa na ukoko mgumu.

Ukoko huo aliukwangua kwa kijiti cha mwanzi, asitumie bisibisi, maana mkwaruzo mmoja juu ya siti ya vali huvujisha moshi daima. Kisha akapuliza dawa ya kusafishia karbureta, akasugua kwa mswaki, huku ameielekeza vali ili dawa isichuruzike kuingia kwenye kiwambo cha mpira, ambacho huozeshwa nayo. Hatimaye alimimina mafuta ya taa juu ya siti, akatazama chini yake kwa muda. Palipokuwa pakavu akaridhika.

Hapo mwenye gari alitoa rai inayosikika katika kila gereji: pakatwe kibati, njia ya moshi izibwe kabisa. Ni kweli kibati huzuia masizi, na sina shaka kwamba injini nyingi zinatembea nacho. Lakini joto la mwako hupanda, oksidi hurudi katika hewa wanayovuta wapita njia, na kompyuta ya gari, ikingoja moshi usiofika, aghalabu huiwasha taa ya hitilafu. Fundi alikataa, akaing'oa manifoldi ya hewa nayo akaisafishia mbali na injini, kwa kuwa kusafisha vali na kuacha lami nyuma yake ni nusu ya kazi kwa gharama nzima. Gasketi zote zikawekwa mpya.

Gari lilipowaka, moshi mweusi haukuonekana, na mtetemo ukatulia. Hata hivyo fundi hakufunika boneti. Alifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, akaweka kiganja juu ya tundu apime mvuke upandao. Ulikuwa mchache. Ungalikuwa wa kusukuma mkono, maongezi yangalihamia kwenye ringi za pistoni, na vali ile, kwa usafi wake wote, ingaliziba tena upesi.