Jahazi katika Ukuta wa Gede

Kwetu Bombo, katika milima ya Upare, mtoto achoraye ukutani kwa mkaa huambiwa kwamba anachafua nyumba. Neno hilo nalilichukua hata mahame ya Gede, karibu na Malindi, mji uliohamwa katika karne ya 17, nao ukafanywa hifadhi mwaka 1948. Humo lipu ya jumba moja imekwaruzwa mchoro wa jahazi, na jumba limepewa jina la chombo hicho.

Si kazi ya fundi, wala mchoraji hakujitaja. Hata hivyo mchoro huo wasema jambo: mji huu, ambamo vimefukuliwa vyombo vya Kichina, ulitazamia bahari. Jina ambalo mgeni wa leo hulikwaruza gofuni lasema tu, “Nalikuwapo.”

Lakini tusimhukumu kwa udhaifu wa maneno yake. Pengine naye mchora jahazi alikaripiwa. Tofauti iliyo kubwa ni ya ukuta: wa Bombo hukandikwa upya, na mkaa ukasahauliwa, lipu ya Gede haina tena mwenye kuikandika. Aikwaruzaye leo afuta asichoweza kukiandika.