V41.1XXD: abiria, baiskeli na uwanja wa maegesho

Tuchukue mama mmoja katika mji wowote wa Marekani. Ni Jumapili, ibada imekwisha, amekaa kiti cha mbele kulia kwa dereva, na gari linatoka taratibu kwenye maegesho ya kanisa. Kijana wa baiskeli anachomoka katikati ya magari mawili. Wanagongana, dereva anakanyaga breki kwa nguvu. Mama hajafunga mkanda bado. Anajikinga kwa mkono wa kulia, mkono unapiga dashibodi, mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba unavunjika karibu na kiganja. Wiki sita baadaye anarudi kliniki kukatwa hogo. Daktari anatazama eksirei, anaona mfupa unaunga vizuri, anampa tarehe nyingine. Jioni karani wa misimbo anafungua rekodi yake na kuandika S52.501D, na chini yake V41.1XXD.

Msimbo wa kwanza unataja jeraha. Wa pili unataja lilivyopatikana, na huo ndio ninaotaka tuufungue kipande kwa kipande.

Marekani ilipohamia ICD-10-CM, mfumo wa misimbo ya magonjwa na majeraha, tarehe 1 Oktoba 2015, misimbo ya aina hii ilichekwa sana. Wanasiasa na waandishi wa habari waliuliza ni nani hasa anayevutwa na injini ya ndege kisha akarudi kliniki kwa ufuatiliaji, maana msimbo wa kisa hicho upo. Walidhani kuna mtu aliyekaa akawaza kila kisa kimoja kimoja. Sivyo ulivyojengwa. Ni jedwali, na kila chumba cha jedwali kina nambari yake hata kama hakijaingia mtu.

Herufi V ni ajali za usafiri. Tarakimu inayofuata ni chombo alichokuwamo majeruhi: 1 ni baiskeli, 3 ni chombo cha injini cha magurudumu matatu, 4 ni gari dogo, 5 ni pikapu, basi dogo na ndugu zake. Nafasi ya tatu ni kile kilichogongana nacho, na 1 hapo ni baiskeli tena. Kwa hiyo V41 ni mtu wa gari dogo aliyeumia kwa kugongana na baiskeli. Abiria wa bajaji angeingia V31, kwa hesabu ileile.

Baada ya nukta ndipo penye ufundi. Tarakimu hiyo moja inabeba mambo mawili kwa pamoja: nafasi ya mtu na mahali pa ajali. 0 ni dereva nje ya barabara ya umma, 1 ni abiria nje ya barabara ya umma, 5 ni dereva barabarani, 6 ni abiria barabarani. Ila 4, ya mtu anayepanda au kushuka, haitaji barabara kabisa, na mimi naona hilo ni pengo. Mama huyu angeumia akiwa anafungua mlango ashuke, habari ya maegesho ingepotea kwenye msimbo huo.

Herufi X mbili ni za kujaza nafasi tu, ili D ikae mahali pake, nafasi ya saba. Toleo la mfumo huu la Shirika la Afya Duniani linaishia V41.1, mkia huu waliuongeza Wamarekani.

Na D ndiyo inayokosewa zaidi. Wengi hudhani A ni ziara ya kwanza na D ni ya pili. Kinachoangaliwa si idadi ya ziara, ni hatua ya matibabu. Mama akipelekwa kwa daktari mwingine wiki ya pili afanyiwe upasuaji, bado ni A, kwa sababu jeraha lenyewe ndilo linalotibiwa. D inaanza pale matibabu hayo yanapokwisha na kazi iliyobaki ni kuusindikiza mwili upone: kukata hogo, kupiga picha ya kuangalia mfupa, kutoa vyuma, kurekebisha dawa. S ni ya madhara yanayobaki baadaye. Kwa mvunjiko zipo na herufi nyingine, G mfupa ukichelewa kuunga, K usipounga, P ukiunga vibaya, lakini msimbo wa chanzo unabaki na A, D na S tu.

Kuna jambo moja ambalo wasimamizi wa kumbukumbu wanapaswa kulitazama kwa makini. Mahali pa ajali pana misimbo yake, Y92, ila kwa mwongozo wa misimbo huandikwa mara moja tu, mwanzoni mwa matibabu. Katika marudio yote yanayofuata, alama pekee inayosema mama huyu hakuumia barabarani ni ile 1 baada ya nukta.

Na yule kijana? Yeye ni V13.0, mwendesha baiskeli aliyegongana na gari nje ya barabara. Ajali moja, misimbo miwili, na ndani ya misimbo hiyo hakuna uzi unaowaunganisha. Atakayetaka kujua ni maegesho gani yanaumiza watu lazima arudi kwenye maelezo ya daktari na nesi.

Maelezo hayo yakikaa kimya, mwongozo unaamuru ajali ya gari ihesabiwe kuwa ya barabarani. V41.1 inageuka V41.6, na karani hana ruhusa ya kubuni vinginevyo. Kwa hiyo ukiumia ukiwa abiria, mwambie nesi tangu siku ya kwanza ulikuwa umekaa kiti gani na gari lilikuwa wapi, na umwombe aandike.