Uzi wa Nne

Mashabiki wa Franco hapa Sumbawanga ni watu wa macho. Wakikusanyika mbele ya televisheni, mkanda wa T.P. O.K. Jazz wa miaka ya 1980 ukianza, hawazungumzii wimbo, wanazungumzia vidole. "Tazama dole gumba lile," atasema mmoja. "Tazama asivyokuwa na haraka," atadakia mwingine. Mtu wa mwili mkubwa vile, uso mkavu kama wa hakimu, na huku mkono wa kulia unachambua nyuzi utadhani unachambua mchele. Nami huketi nao nikatazama, maana sifa hizo ni haki yake. Ugomvi wangu nao unaanzia kwingine.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba sisi wa uwanda wa juu wa Ufipa tulimjua Franco kwa sikio miaka mingi kabla ya kumjua kwa jicho. Luambo Makiadi alizaliwa mwaka 1938, akaanzisha O.K. Jazz na wenzake mwaka 1956, akafariki Ubelgiji Oktoba 1989. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini hivi. Alikufa, basi, wengi wetu hatujamwona. Ukishuka Kasanga ukasimama ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, nchi yake iko ng'ambo. Lakini picha zake zilitufikia kwa kuzunguka, katika mikanda ya video iliyonakiliwa hata nyuso zikawa kama zinanyeshewa mvua, kisha kwa madishi, na siku hizi kwa simu. Na umeme wenyewe, ambao kwa miaka mingi tuliletewa kutoka Zambia, ulikuwa na tabia ya kukatika pale sebene linapokolea.

Kioo kimetuonyesha jambo moja kubwa. Franco hupiga nyuzi mbili kwa pamoja, dole gumba na kidole cha shahada, hivyo sauti yake haitembei peke yake. Inatembea na ndugu yake. Kisha huchukua kipande kifupi, akakirudia, akakirudia tena, akakisogeza kidogo tu, akakirudia. Redioni marudio hayo yangeweza kuitwa uvivu. Ukimwona, unajua ni uamuzi: anawasubiri wachezaji wakifikie kipande kile. Wapo wapigaji wengi wenye kasi kumshinda. Anayejua kungoja kama yeye sijamwona.

Lakini kioo hicho hicho kinapotosha hesabu. Kila kinacholia tunampa yeye, kwa kuwa ndiye aliyepewa picha. O.K. Jazz ya miaka ile haikuwa na gitaa moja la solo na watu wa kulisindikiza. Ilikuwa na magitaa kadhaa yanayolia kwa wakati mmoja, kila moja na kazi yake. Lutumba Simaro, aliyeingia mwaka 1961 na kufariki mwaka 2019, alipiga gitaa la rithimu kwa miaka mingi, naye ni mtunzi wa kutosha kuitwa bwana mkubwa popote. Lakini muulize shabiki wa mezani kwetu mkono wa Simaro ukoje, atakuambia hajautazama.

Na kati ya rithimu na solo lipo gitaa la tatu, ambalo Wakongo huliita mi-kompoze. Hili halitofautiani na mengine kwa kulitazama. Siri yake iko kwenye uzi wa nne. Gitaa la kawaida, ukianzia uzi mwembamba, hutuniwa mi, si, sol, re, la, mi. Mwenye mi-kompoze huuondoa ule uzi wa re, ambao ni mnene, akafunga mahali pake uzi mwembamba wa aina ya ule wa kwanza, kisha akautuni re ya juu, oktavu nzima kupita ya zamani. Sasa uzi wa nne unalia juu kuliko wa tatu na wa pili, na umebakiza hatua moja tu kuufikia wa kwanza. Mkono ukishuka kwenye nyuzi, sauti haishuki nao. Inaruka juu na kurudi. Mng'ao ule unaowafanya wachezaji wasiweze kukaa, sehemu kubwa yake hutoka hapo. Mfipa akilima ntumba huyafukia majani chini ya tuta, na mpita njia huusifu ulezi.

Ulaya mambo ni tofauti. Keith Richards wa Rolling Stones aliung'oa uzi wa sita, akabaki na tano, akazituni sol, re, sol, si, re. Na habari hiyo mashabiki wake wanaijua kama wanavyojua jina lake, kwa sababu magazeti ya magitaa yameiandika mara nyingi. Ya mi-kompoze nani ametuandikia kwa Kiswahili? Kwenye mkanda mpigaji wake huonekana nusu bega, kamera ikiwa njiani kwenda kwa wanenguaji.

Nalisema hili kwa sababu lina gharama. Kijana mmoja wa kwaya, mwenye masikio mazuri, alikaa miezi akitazama mikanda hiyo, akaisimamisha, akairudisha nyuma, akanakili namna ya kubana shingo ya gitaa kidole kwa kidole. Hakukosea hata kimoja. Sauti ilitoka nzito kama uji uliolala, na wazee wa meza ile ile ya mashabiki wakamwambia kipaji hana, aendelee na mahindi. Alikuwa karibu kuliuza gitaa. Aliyemwokoa ni fundi redio mmoja aliyewahi kupiga katika bendi za baa zamani, alimsikiliza kwa dakika mbili, bila kutazama mkono wake hata mara moja, akamuuliza, "Kijana wangu, uzi wa nne umefunga upi?"

Kesho yake kijana akanunua uzi wa kwanza mwingine, akaufunga mahali pa re. Vidole hakuvibadilisha.